Masisi na Walikale: Tairi la bei ndogo, abiria ndiye anayelipa

Kwenye njia inayopanda kutoka Sake kuelekea Masisi, na ile inayoingia ndani ya pori la Walikale, mvua ikinyesha magari hukwama na pikipiki ndiyo inayobaki barabarani. Ndiyo inayobeba mama mjamzito, sanduku la dawa, gunia la maharagwe, jibini ya Masisi na mfuko wa madini. Lakini tairi la pikipiki hiyo mara nyingi huchaguliwa na mtu ambaye hatapanda juu yake: mwenye pikipiki. Na mara nyingi huchaguliwa kwa swali moja tu, bei gani?

Swali hilo halitoshi. Tairi linapaswa kuingia katika mapatano kati ya mwenye pikipiki na motari, kama vile pesa ya kila siku inavyoingia. Mapatano yakikaa kimya juu ya tairi, gharama yake humwangukia abiria, naye hulipa kwa mguu, mkono au maisha yake.

Hali inajulikana. Vijana wengi wanaofanya kazi ya motari hawana pikipiki zao. Kila jioni au kila wiki wanampelekea bosi kiasi walichopatana, na kinachobaki ndicho cha kula. Tairi likiisha meno, ugomvi huanza. Bosi anasema motari ndiye aliyelimaliza kwa mwendo na mizigo. Motari anasema chombo ni cha bosi. Wakati wanabishana, pikipiki inaendelea kubeba watu. Mwishowe hununuliwa tairi la bei ya chini kuliko yote sokoni, au lile la zamani huchongwa meno upya kwa kisu. Kuchonga namna hiyo hakuongezi mpira hata kidogo. Kunapunguza ule uliobaki, na jiwe la kwanza lenye ncha hufika kwenye nyuzi za ndani.

Ulaya na Marekani, wenye pikipiki kubwa za safari ndefu hutumia muda mwingi kuchagua tairi. Pikipiki hizo huvaa tairi pana, kwa kawaida 120/70 mbele na 180/55 nyuma, kwenye rimu ya inchi 17. Wanapima mambo matatu: tairi litashika vipi kwenye maji, litadumu kilomita ngapi, na litabeba mtu wa pili pamoja na mizigo bila kuyumba. Wao wana lami. Motari wa Masisi ana pikipiki ndogo zaidi, mzigo mkubwa zaidi na barabara mbaya zaidi. Akiwa na sababu ya kuuliza maswali hayo matatu, anayo kuliko wao.

Kuna pia swali la nne, nalo ni la kwetu: njia gani? Kutoka Goma hadi Sake, mwendo wa kilomita kama 25, ardhi ni ya volkano na mawe yake hukata mpira. Baada ya Sake kuna milima ya Masisi, na udongo wake ukilowa huteleza kama sabuni. Walikale ni pori la mvua, lenye madimbwi, mizizi na madaraja ya miti. Lami ni haba huko, hata kipande cha Kilambo kilijulikana zaidi kwa ndege zilizokuwa zikitua juu yake kuchukua kasiteriti kuliko kwa magari.

Tairi la meno madogo, lililotengenezwa kwa ajili ya lami, hujaa tope katika dakika chache na kugeuka laini kama chupa. Lile la meno makubwa yaliyoachana hutupa tope nje na kushika udongo. Lakini kwenye lami na mawe magumu meno hayo huisha haraka, na kwenye kona yenye maji hayashiki vizuri. Anayefanya kazi ndani ya mji wa Goma asiige tairi la motari wa Walikale, wala wa Walikale asichukue la mjini kwa sababu limepungua dola tano. Anayezunguka kote kuwili anahitaji meno ya kati. Tairi la mbele lisisahauliwe pia. Watu wengi huweka jipya nyuma na kuliacha la mbele liwe upara, ilhali la mbele ndilo linaloongoza pikipiki na kubeba kazi kubwa ya breki. Likiteleza, motari hana nafasi ya kurekebisha.

Mengine yameandikwa ubavuni mwa tairi, na kuyasoma ni bure. Namba kama 3.00-17 au 3.00-18 zinaonyesha upana na ukubwa wa rimu. Herufi TT maana yake tairi linatumia mpira wa ndani, na TL maana yake linaweza kutembea bila huo. Mshale unaonyesha upande wa kuzunguka. Namba yenye tarakimu mbili inayofuatwa na herufi, kwa mfano 47P au 52P, inaonyesha uzito na mwendo: 47 ni kilo 175, 52 ni kilo 200.

Hapo ndipo hesabu inapotisha. Chukulia pikipiki yenye kilo 110, motari mwenye kilo 65, abiria wawili wenye kilo 130 kwa pamoja, na gunia la kilo 50. Jumla ni kilo 355. Gurudumu la nyuma likibeba theluthi mbili, linabeba karibu kilo 237. Tairi la 52 limeshapita kipimo chake kabla ya kukutana na shimo la kwanza. Hakuna tairi litakaloifuta hesabu hiyo. Lakini kati ya linalozidiwa kwa kilo 37 na linalozidiwa kwa kilo 62, tofauti inaweza kuonekana kwenye mteremko.

Kuna pia tarehe. Mwisho wa maandishi ya DOT huwa na tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kung'aa dukani na bado likawa limekaa miaka mingi juani, mpira ukakauka na kupasuka ndani. Mnunuzi ana haki ya kuuliza. Ofisi ya Ukaguzi ya Kongo, OCC, ndiyo yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini, na tarehe ya tairi si jambo linalohitaji mashine kubwa. Linahitaji macho tu.

Wenye pikipiki watasema biashara haina faida ya kutosha. Basi wapige hesabu. Kwa mfano, tairi la dola 15 likidumu miezi miwili, na la dola 25 likidumu miezi mitano, katika miezi kumi la kwanza limekula dola 75 na la pili dola 50. Hapo hazijahesabiwa siku ambazo pikipiki ililala kwa fundi wa kuziba mipira, wala pesa ya bosi ambayo haikuingia. Tairi la bei ndogo linapunguza gharama ya siku moja na kuongeza gharama ya mwaka mzima.

Wamotari nao wana jibu lao, na ni zito: pesa ya tairi zuri itoke wapi? Shirika la utafiti la IPIS la Ubelgiji lilihesabu mwaka 2017 vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Kila penye kizuizi, kuna mkono unaonyooshwa. Vita vimeongeza mzigo. Masisi-kati iliingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Goma ikafuata mwishoni mwa mwezi huo na mabenki yakafunga milango. Mwezi Machi mji wa Walikale ulitekwa, kisha waasi wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Katika hali hiyo, kumwambia kijana atoe dola 25 kwa mara moja ni kumwambia asile.

Ndiyo sababu mzigo huu usiachwe kwa motari peke yake. Mwenye pikipiki aandike katika mapatano nani analipa tairi, baada ya muda gani, na la aina gani. Njia rahisi ni kutenga kiasi kidogo kutoka kwenye pesa ya kila siku, mbele ya pande zote mbili, hadi siku ya kununua ifike. Vyama vya wamotari, ambavyo tayari vinakusanya michango ya wanachama, vinaweza kununua tairi kwa jumla na kuwauzia kwa awamu. Wafanyabiashara wa madini na mazao, ambao mali yao hutoka Rubaya, Nyabiondo au Ndjingala juu ya migongo ya pikipiki hizi, wakatae kupakia juu ya tairi lenye nyuzi nje, na bei ya usafiri wanayolipa iweze kununua lililo zima. Mashirika ya misaada na ya afya yanayokodi pikipiki yaweke sharti hilo hilo.

Abiria naye ana sehemu yake. Kabla ya kupanda aangalie tairi zote mbili, la mbele kwanza. Mjini hilo ni rahisi, kwa kuwa pikipiki nyingine iko karibu. Usiku, kijijini, mgonjwa akipelekwa hospitali kuu ya Masisi, hakuna wa kuchagua. Pikipiki iliyopo ndiyo hiyo. Kwa mgonjwa huyo uamuzi ulishafanywa wiki kadhaa kabla, dukani, na mtu aliyekuwa akitafuta kubakiza dola kumi.

Tairi lililokufa halitupwi katika nchi hii. Mpira wake hukatwa ukafungwa kwenye magurudumu ya mbao ya chukudu, na kazi inaendelea. Hayo ni matumizi mazuri ya tairi la zamani. Yaanze mapema basi, kabla tairi hilo halijateremka tena na mama na mtoto kwenye mlima wa Masisi.