Matubwitubwi yasiyochanjwa na hatari iliyojificha kongoshoni

MATUBWITUBWI huhesabiwa na wazazi wengi wa Nakuru kuwa maradhi ya utotoni yajayo na kuondoka yenyewe. Mashavu hufura, mtoto hukaa nyumbani siku kadhaa, kisha hurejea shuleni. Baadhi ya wazee waliohamia Bonde la Ufa kutoka magharibi mwa Kenya wangali wanakumbuka jinsi mgonjwa alivyotwikwa kuni na kuagizwa auzunguke mti ili ugonjwa ubaki huko. Kwa watoto walio wengi, dhana hiyo ya wepesi ni sahihi. Walakini virusi hivyo havikomei kwenye tezi za mate.

Kwa wagonjwa wachache katika kila mia, virusi hushambulia kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo ambayo hutengeneza insulini na vimeng'enya vya kusaga chakula. Tezi hiyo ikivimba ghafla, vimeng'enya huanza kuisaga yenyewe. Mgonjwa hupata maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, na hutapika mfululizo. Wengi hupona, wachache huzidiwa hadi figo na mapafu kushindwa kufanya kazi.

Ugumu ni kwamba virusi si chanzo cha kwanza anachokiwazia tabibu. Kote duniani kongosho huvimba hasa kwa sababu ya vijiwe vya nyongo na pombe. Katika kituo cha afya cha Molo, Njoro au Subukia, kijana anayejikunja kwa maumivu huenda akadhaniwa kuwa na vidonda vya tumbo au homa ya matumbo, au akahojiwa kuhusu ulevi. Si haki kumlaumu tabibu, kwani maradhi hayo ndiyo ayaonayo kila siku.

Hata maabara inaweza kupotosha. Kimeng'enya cha amilasi, ambacho hupimwa mara nyingi, hutoka pia kwenye tezi za mate, hivyo hupanda kwa mgonjwa wa matubwitubwi hata kongosho likiwa zima. Kipimo cha lipasi ndicho cha kutegemewa zaidi, nacho ni cha hospitali kubwa wala si cha zahanati. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Tiba ni maji ya mishipani, dawa za maumivu na uangalizi wa karibu, mambo ambayo faida yake hupungua mgonjwa akicheleweshwa.

Chanjo ipo, na Marekani iliidhinisha ile inayotumika zaidi mnamo 1967. Kenya ilipoanzisha chanjo ya pamoja ya surua na rubela mwaka 2016, matubwitubwi hayakujumuishwa. Hayakujumuishwa pia katika kampeni ya kitaifa ya Julai 2025, iliyolenga surua, rubela na homa ya matumbo. Mzazi anayeitaka huinunua katika kliniki ya kibinafsi, na hivyo mabweni ya Gilgil au Njoro yanaweza kulaza mtoto aliyekingwa kando ya asiyekingwa, tofauti yao ikiwa ni mfuko wa mzazi.

Ni rahisi kuiita hali hii uzembe wa serikali, lakini hoja ya kitaalamu ipo. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza chanjo ya matubwitubwi kwa nchi zinazowafikia zaidi ya asilimia 80 ya watoto kwa chanjo za surua na rubela. Wakichanjwa wachache tu, virusi hupungua kasi bila kutoweka, na wasiochanjwa huambukizwa wakiwa wamebalehe, umri ambao madhara kama uvimbe wa korodani huwa mengi zaidi. Nchini Kenya dozi ya pili ya surua, itolewayo mtoto akiwa na miezi 18, imekuwa ikibaki nyuma sana ya ile ya miezi tisa. Pengo hilo ndilo la kuzibwa kwanza, nalo huzibwa na wahudumu wa nyanjani na majokofu yanayofanya kazi, wala si na hotuba za uzinduzi.

Hadi hapo, mzigo uko kwa walezi wa mabweni. Mwanafunzi aliyefura mashavu hutengwa kwa siku tano tangu uvimbe uanze, ingawa huwa amekwisha kuambukiza wenzake siku mbili kabla. Akianza kutapika na kushika tumbo wakati mashavu yanapungua, hapaswi kurudishwa darasani na tembe za kutuliza asidi.