Risala kwa Watengenezaji wa Miwani ya Uhalisia Pepe kuhusu Ubora wa Data za Macho



Sisi wanafunzi wa uzamili na wasaidizi wa utafiti, tunaotumia miwani yenu kupima mtu anatazama wapi, tunaleta kwenu malalamiko na madai yetu. Vifaa hivi vimetufungulia milango mingi. Ndiyo maana jambo hili linatuuma.

Kubwa kuliko yote ni namba mnazotangaza. Miwani ya Vive Pro Eye ya mwaka 2019 ilitangazwa kuwa na usahihi wa digrii 0.5 hadi 1.1. Maelezo hayohayo yanasema kipimo hicho ni cha digrii 20 za katikati, ilhali upeo wa kuona ni digrii 110. Huko pembeni, ambako jicho hukimbilia mtu anapotafuta kitu, mnunuzi haambiwi lolote. Kosa la digrii moja ni kama sentimita 1.7 kwa kitu kilicho mbele kwa mita moja. Likifika digrii tatu, linapita sentimita tano, wala hatuwezi tena kuapa kwamba mshiriki alitazama kikombe na si sahani iliyo kando yake.

Halafu kuna watu wenyewe. Kamera hutafuta mboni kama doa jeusi katika mwanga wa infraredi. Kwa mwanamke aliyepaka wanja, mzee ambaye kope zimelegea, au mtu aliyevaa miwani ya macho inayoakisi mwanga, doa hilo hupotea au hukosewa. Kifaa kikiteleza kidogo puani baada ya kusawazishwa, vipimo vyote huhama nacho. Tunalazimika kuwaondoa watu hao kwenye takwimu, na utafiti unabaki wa wale tu ambao macho yao husomeka kirahisi. Hilo hatulikubali.

Tunadai mtupe data ghafi. Kuchuja data hutuliza mtikisiko na kukifanya kifaa kionekane thabiti, lakini huchelewesha ishara na kufuta miruko midogo ya jicho. Data iliyopotea iandikwe kuwa imepotea, isijazwe kwa thamani iliyotangulia. Usahihi utangazwe kwa eneo lote, pamoja na uthabiti na ucheleweshaji, na mseme mliwapima watu gani: umri wao, miwani yao, vipodozi vyao. Programu ikibadilishwa tuarifiwe mapema, maana utafiti ulioanza na toleo moja huharibika ukimalizikia kwenye jingine.

Kwa upande wetu, tutapima usahihi wa kila mshiriki mwanzoni na mwishoni, na vipimo vibaya tutavichapisha pamoja na vizuri. Tunaomba majibu yenu kwa maandishi.