Semina ya Lishe, Kitafunwa Maandazi

Kuna imani iliyoota mizizi maofisini kwetu: mfanyakazi anakula vibaya kwa sababu hajui. Basi aitwe mtaalamu wa lishe, ifungwe projekta, watu wasaini mahudhurio, na mwisho wa mwaka ripoti iseme afya ya watumishi imeshughulikiwa.

Niliwahi kukaa katika semina ya namna hiyo hapa Dar es Salaam. Mtoa mada alitueleza vizuri kabisa. Shirika la Afya Duniani linataka sukari isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula, yaani kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima. Chupa moja ya soda ya mililita 350 peke yake hupita gramu 30. Tukaguna, tukaandika. Saa nne ilipofika tukatoka kunywa chai. Mezani kulikuwa na maandazi, sambusa, soseji na kreti mbili za soda. Ndizi hata moja ya kuzugia hakuna. Tukala, na mtoa mada naye akala, kisha tukapiga picha ya pamoja. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Tulikula tulichowekewa.

Mlinzi wa getini hakualikwa. Yeye muulize faida ya mchicha, atakujibu kuliko mimi, maana kwao wanaulima. Lakini zamu yake ni ya saa kumi na mbili. Hana pa kupashia kiporo alichobeba, wala wa kumshikia lindo akafuate wali maharage na mboga kwa mama lishe. Kinachomfikia pale alipo ni andazi na chai ya rangi yenye sukari ya kushibisha. Huyu utamfundisha nini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Shirika la Kazi Duniani nalo, tangu 1956, katika Pendekezo lake namba 102, lilizungumzia kantini na vyumba vya kulia kazini. Muda na mahali pa kula si fadhila ya bosi, na wala si habari mpya.

Sikatai, elimu ina kazi yake. Chumvi iliyojificha kwenye supu na viungo vya pakiti si kila mtu anaijua, na wapo wenye uwezo wa kuchagua ambao bado huchagua vibaya. Lakini semina inapendwa kwa sababu nyingine: ni rahisi, na inahamisha lawama. Ukishafundishwa, presha yako inakuwa ukaidi wako. Meza ya saa nne haiulizwi kitu.

Kwa hiyo mwajiri, kabla hujaidhinisha bajeti ya semina ijayo, nenda kale wanapokula watu wako, saa wanayokula, kwa dakika walizonazo. Ukirudi, fedha ya projekta inunue matunda ya saa nne na jiko la kupashia chakula, na mlinzi atafutiwe mtu wa kumpokea getini ili naye akale.