Kubadilisha mafuta ya pikipiki si siri ya garaji

Butembo, Kivu ya Kaskazini. Kijana akinunua pikipiki mpya mjini, anapewa funguo, karatasi ya malipo, na mara nyingi onyo moja: akiifungua mwenyewe, garanti imekufa. Kuanzia siku hiyo kila vidanji inarudi kwenye garaji ya muuzaji, na muuzaji ndiye anayepanga bei. Onyo hilo linastahili kujibiwa, kwa sababu linachota pesa kwa watu wasio na akiba.

Watu hao wanajulikana. Kanyabayonga ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa mwezi wa Juni 2024, familia nyingi zilipanda kuelekea Lubero na Butembo. Kuna waliofika na godoro, sufuria na pikipiki tu. Shamba lilibaki nyuma, mbuzi nao walibaki. Kwa familia kama hiyo, pikipiki ndiyo shamba. Anayeiendesha anaweka esansi kwanza, kisha anatafuta chakula na pesa ya nyumba. Kama pikipiki ni ya mtu mwingine, lazima pia apeleke malipo ya mwenye moto. Kinachobaki kwa garaji ni kidogo, basi vidanji inasogezwa mpaka juma lijalo, na juma lijalo nalo linapita.

Tuhesabu pamoja. Toka Butembo mpaka Beni ni kilomita 54 hivi. Motari anayekwenda na kurudi mara moja kwa siku anapita kilomita 2,000 ndani ya siku 20. Matunzo ambayo mtu wa kwenda kanisani na sokoni anayafanya mara chache kwa mwaka, motari anayahitaji karibu kila mwezi. Kila mara akilipa mkono wa fundi kwa kazi ya nusu saa, mwisho wa mwaka amelipa pesa ambayo ingenunua tairi na sheni.

Na kazi yenyewe ni ipi? Pikipiki hizi ndogo zinazobeba watu wetu zinachukua lita moja hivi ya mafuta ya injini. Injini inapashwa moto kidogo, beseni linawekwa chini, buloni ya chini inafunguliwa, mafuta meusi yanatoka, buloni inasafishwa na kurudishwa, mafuta mapya yanatiwa, kiwango kinaangaliwa. Filta ya hewa inatolewa na kukung'utwa vumbi, na vumbi la barabara zetu linajulikana. Sheni inasafishwa, inapakwa mafuta, inakazwa isilegee wala isivutike mno. Buji inasuguliwa. Breki zinatazamwa kama bado zina nyama. Hakuna siri hapo. Anayejua kusoma namba kwenye ufunguo anaweza kuijua kazi hii kwa Jumapili mbili.

Wauzaji wana jibu lao, na si la uongo lote. Wanasema vijana wanakaza buloni kwa nguvu mpaka meno ya injini yanaliwa, kisha wanarudi kulia. Ni kweli, hayo hutokea. Lakini dawa ya asiyejua ni kumfundisha, si kumtisha. Muuzaji anayeogopa buloni kuharibika angemwonyesha mnunuzi siku ya kwanza namna ya kuikaza. Na garanti ya kweli inaandikwa: ni ya muda gani, inalinda vipande gani, inataka nini. Garanti ya mdomo tu haimlindi mnunuzi. Inamlinda muuzaji.

Haimaanishi kila mtu afungue injini nzima chini ya mwembe. Vali, klachi, gia, silinda na fremu iliyopasuka ni kazi ya fundi, na fundi mzuri alipwe vizuri. Anayeokoa pesa kwenye vidanji ndiye atakayeweza kumlipa fundi siku ya kazi kubwa. Tena pesa hiyo inaweza kununua mafuta safi, badala ya yale ya bei ya chini yaliyomiminwa kwenye chupa isiyo na kizibo cha kiwandani.

Wenye moto nao wasijifiche. Kuna wanaodai malipo kila jioni lakini hawataki kusikia habari ya sheni wala breki. Mama mkimbizi anayepanda na mtoto mgongoni kwenye mteremko hajui kama breki zimekwisha. Akianguka, hospitali haitamuuliza mwenye moto, itamuuliza yeye.

Yanayotakiwa ni machache. Wauzaji wabandike ukutani bei ya kila kazi, mkono wa fundi peke yake na vipande peke yake, na watoe maelezo ya matunzo kwa Kiswahili. Wenye moto wanunue funguo tatu nne na kuziacha kwa dereva. Vyama vya motari vitenge saa moja kwa juma, wanaojua wafundishe wasiojua, wakianza na vijana waliotoka Kanyabayonga na Kirumba. Na mafuta meusi yakusanywe kwenye bidoni, yasimwagwe kwenye mfereji unaoteremka Kimemi, kwa sababu chini ya mto kuna watu wanaofua na kuchota.