Hofu Haifai Kuwa Mwalimu

Katika shule zetu wamo vijana wengi ambao miili yao ni mizima, nao wanaishi kama wagonjwa. Kijana wa namna hii aamkapo alfajiri, kabla hajanawa uso, hujitazama kwa siri kama ameota kipele kipya. Aendapo msalani huchungua rangi ya mkojo wake. Koo likimuuma siku ya baridi, huhesabu majuma tangu siku fulani anayoijua yeye peke yake. Au tangu siku ambayo hapakutukia jambo lolote ila kukalia choo cha wageni au kunywa katika kikombe cha mwenziwe. Usiku, bweni zima lilalapo, yeye huwa mshitaki, mshitakiwa na hakimu. Anaogopa kuwa ana maradhi ya zinaa. Hofu hiyo, msomaji, aghalabu tumeipanda sisi wakubwa kwa mikono yetu, tukidhani kuwa twawalinda watoto wetu. Nasema kuwa ilikuwa mbegu mbaya, na kuwa wewe una haki ya kuing'oa.

Tazama namna tunavyofundisha. Mwalimu huingia darasani mara moja katika mwaka, na picha za vidonda vilivyooza, vilivyochaguliwa kwa ubaya wao. Wanafunzi hucheka kwa kuona haya, kengele hulia, na mlango wa swali hufungwa. Zilikuwapo siku ambapo vitisho vilikuwa na udhuru. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI alitambuliwa nchini Kenya mwaka 1984. Na serikali ilipotangaza mwaka 1999 kuwa maradhi hayo ni janga la taifa, watu walikuwa wakizikwa kila Jumamosi na dawa hazikuwafikia ila wenye fedha. Mtu aliyechora fuvu la kichwa ukutani siku hizo alikuwa akipiga mbiu kwa chombo alichokuwa nacho. Lakini mbiu ya jana haiwezi kuwa somo la leo, maana mambo yamebadilika sana na mwalimu hakusema.

Hakusema kuwa kijidudu cha kaswende kilionekana kwa hadubini huko Berlin mwaka 1905, na kuwa mwaka 1943 tabibu mmoja wa Marekani, John Mahoney, aliwatibu wagonjwa wanne kwa penisilini wakapona. Maradhi yaliyowala wafalme na mabaharia kwa karne nne, leo yakigunduliwa mapema huondolewa kwa sindano moja. Hakusema kuwa kisonono na klamidia hutibika, ingawa kisonono kimekuwa sugu kwa dawa nyingi za zamani, na kwa sababu hiyo si ugonjwa wa kununuliwa vidonge viwili dukani. Hakusema kuwa virusi vya UKIMWI, ijapokuwa havijapatiwa dawa ya kuviondoa kabisa, hutulizwa kwa vidonge vya kila siku, hata mtu huzeeka navyo. Na ambaye vipimo havivioni tena katika damu yake hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana.

Najua jawabu nitakalopewa, maana nimelisikia mara nyingi katika vyumba vya walimu: "Ukiwaondolea vijana hofu, watapotoka." Ni neno zito, na wanaolisema si watu wabaya. Lakini walitazame tena. Hofu ingekuwa mlinzi kama ingesimama mlangoni kabla mwizi hajaingia. Desturi yake si hiyo. Saa ya ushawishi hofu husinzia. Huamka asubuhi, wakati jambo limekwisha kutendeka, ikaanza kupiga kelele. Na kelele zake hufanya nini? Humzuia kijana asiende kwa tabibu. Ipo dawa ya kukinga virusi vya UKIMWI kwa mtu aliyekutana na hatari. Hunywewa kwa siku 28, lakini sharti ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayotangulia ni bora kuliko inayofuata. Sasa mfikirie msichana aliyetendwa kwa nguvu. Siku tatu hizo ndizo zote alizo nazo. Sisi tumemfundisha kuwa maradhi haya ni mshahara wa uovu. Basi atazimaliza siku tatu hizo chini ya blanketi, akiona aibu ya dhambi isiyo yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Twawakaririsha watoto methali hiyo, kisha twawafundisha kuficha.

Hofu ina kosa jingine, nalo ni ujinga wake. Haijui kubagua. Katika Kwale na penginepo katika pwani yetu, kijana aliyeoga katika kidimbwi huweza kukojoa damu kwa sababu ya kichocho, mdudu anayekaa katika konokono wa maji na kuingia mwilini kupitia ngozi. Dawa yake yajulikana na ni ya vidonge. Lakini kijana aliyejazwa vitisho huona damu ile akadhani ni hukumu, akanyamaza mpaka kibofu kiharibike. Msichana aonaye ute hudhani ameambukizwa, na hali ute wa kawaida hubadilika pamoja na siku za mwezi. Hata mwasho wa fangasi huwapata wasiojua mwanamume. Wako wavulana wanaokonda kwa ajili ya vijipele vidogo walivyoumbwa navyo. Na hapana mtu aliyepata UKIMWI kwa mbu, kwa kikombe, wala kwa kukalia choo. Wembe ni jambo jingine. Usichangie wembe na mtu, maana damu hubeba maradhi, homa ya ini mojawapo.

Penye ujinga huu hujenga wafanyabiashara. Mmoja atakuambia ni tego, mwingine ni chira, wa tatu atakuuzia chupa ya maji ya rangi isafishayo damu. Wote watatu hawatakupima. Fedha ya karo imepotelea huko zaidi ya mara moja.

Sasa nakugeukia wewe uliyekwisha kupimwa, ukaambiwa u mzima, na bado huamini. Hali yako ni ngumu kuliko zote, na watu hukupa shauri jepesi: "Acha kuwaza." Ni sawa na kumwambia mwenye homa aache kutetemeka. Sikiliza namna hofu ifanyavyo kazi. Unajichunguza, unapata utulivu wa saa moja; shaka inarudi, unajichunguza tena, utulivu unakuwa wa nusu saa. Kila mara unapoitii, unailipa mshahara, nayo huja kesho kudai zaidi. Tena hofu yenyewe huzaa dalili: moyo kwenda mbio, jasho la usiku, tumbo kuvuruga, kukosa hamu ya chakula, kukojoa mara kwa mara. Mwenye hofu huziona dalili hizi akazitaja kuwa ushahidi, asijue kuwa shahidi na mshitaki ni mtu mmoja.

Basi fanya hivi. Pimwa mara moja kwa wakati wake. Kipimo cha damu cha virusi vya UKIMWI kinachotumika sana katika vituo vyetu huaminika kikamilifu miezi mitatu ikiisha kupita tangu siku ya hatari, ikiwa haikufuatwa na hatari nyingine. Kabla ya hapo tabibu atakuambia urudi lini. Ukiisha kupata jawabu la wakati huo, kipimo cha pili kwa jambo lile lile si cha damu tena, ni cha hofu, na hofu haina kipimo kitakachoitosheleza. Shaka ikija, iache ipige hodi bila kufunguliwa: usijipapase, usiulize rafiki wa kumi, usisome habari za vidonda usiku. Siku za kwanza zitakuwa chungu, kisha hodi hupungua. Ikiwa miezi inapita na huwezi kusoma wala kulala, mweleze tabibu kuwa unaumwa na wasiwasi. Huo nao ni ugonjwa wenye matibabu, kama kichocho kilivyo na yake.

Na ujue sheria ilivyo upande wako. Sheria ya mwaka 2006 ya kukinga na kudhibiti UKIMWI imekataza mtu kulazimishwa kupimwa ili akubaliwe shuleni. Kwa mtoto hutakiwa idhini ya mzazi kwa maandishi; lakini aliye mjamzito, aliyeolewa au kuoa, aliye mzazi, au aliye katika mwenendo unaomweka hatarini, aweza kutia sahihi mwenyewe. Majibu ni siri yako. Ukifika zahanati ukamkuta mtu anayekuuliza ulikuwa na nani kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima, omba kuonana na mwingine, tena siku hiyo hiyo.