Ati ukiandika 100 wewe ni fala?

Wasee, wacha niwape fumbo. Usikimbilie kutafuta jibu kwa simu, andika namba yako kwanza mahali.

Wewe na msee hamjuani mmetoka safari na ndege moja. Kila mtu alikuwa amenunua kinyago, vinafanana kabisa, na vyote vimevunjikia kwa ndege. Meneja hajui vilinunuliwa pesa ngapi. Anawatenganisha, kila mmoja aandike namba kuanzia 2 hadi 100. Mkiandika namba moja, kila mtu analipwa hizo dola. Mkitofautiana, anaamini aliyeandika chini: wote mnalipwa bei ya chini, ila aliyeandika chini anaongezewa dola 2 na aliyeandika juu anakatwa 2.

Mimi niliandika 100. Hiyo ilikuwa darasani, mwaka wa kwanza, kabla niachane na chuo. Mwalimu akauliza ni akina nani wameandika 100, tukainua mikono, akacheka. Kisha akaenda ubaoni. Mkiwa wote 100, mnapata 100. Lakini wewe ukishuka 99, unapata 99 na 2 juu yake, yaani 101. Mwenzako pia ana akili, ameona hivyo hivyo, ako 99. Basi shuka 98, upate 100. Naye ameliona hilo pia. Mnashuka hivyo hivyo ngazi nzima hadi 2, hapo ndipo hakuna wa kushuka tena. Kwa hivyo watu wawili wenye akili wanatoka pale na dola 2 kila mmoja, na sisi wa 100 ndio hatujui kufikiri.

Hesabu iko sawa, nimeirudia mara mingi. Ile cheko ndiyo sijawahi kuimeza. Angalia: ukijua mwenzako ameandika 100, ujanja wako wote unakuongezea dola 1. Moja! Na ukishuka hadi 2 yeye akiwa 100, unatoka na 4.

Aliyetunga fumbo hili mwaka wa 1994 ni Kaushik Basu, mchumi wa India ambaye baadaye alikuwa mchumi mkuu wa Benki ya Dunia. Hakulitunga atucheke. Alitaka kuonyesha kwamba hiyo njia ya kufikiri yenyewe ina kasoro. Na baadaye watafiti wakalipeleka kwa wataalamu wenyewe wa nadharia ya michezo, wale wanaofundisha hizi vitu. Kati ya 45 waliochagua namba moja, walioandika 2 walikuwa 3. Kumi waliandika 100. Sasa nani anacheka nani?

Lakini kuna kitu mwalimu hakutuambia, na ndicho cha maana zaidi. Mwaka wa 1999, Monica Capra na wenzake waliwachezesha wanafunzi wa chuo, kwa senti 80 hadi 200, na wakawa wanabadilisha ile zawadi ya kuwa chini. Zawadi ikiwa ndogo, watu walikaa juu karibu na 200. Ikiwa kubwa, wakaporomoka karibu na 80. Kwa hesabu ya ubaoni jibu ni 80 kila wakati, zawadi iwe ndogo ama kubwa. Kwa watu halisi, ukubwa wa hiyo zawadi ndio kila kitu.

Nililipa karo ya hilo somo nje ya chuo. Kuna kampuni ilinitumia ujumbe inataka video tatu. "Tumeuliza na wengine, wa bei ya chini anachukua." Nikaandika 18,000. Nikajiambia, yule mwingine ataandika 17. Nikafuta, nikaweka 15. Hata yeye si mjinga, atafikiria 15. Manze, nilishuka ngazi usiku mzima hadi 4,000 nikatuma. Nikapata kazi. Kukodi kamera 2,000, nauli ya Rongai mara mbili 600, bando 500. Nikabaki na 900 kwa siku tatu za kazi. Baadaye nikapatana na huyo mwingine. Alikuwa ametuma 20,000. Ile bei yangu ya kwanza kabisa ingenipa kazi.

Nilijilaumu sana, lakini zawadi hapo haikuwa dola 2, ilikuwa kazi yote. Aliyeandika huo ujumbe alijua anachofanya.

Siku hizi tuko saba, na ujumbe kama huo ukiingia tunapigiana simu. Kuna mtu atasema huko ni kupanga bei. Sawa, ni kupanga bei. Yule anayeuliza anaona bei zetu zote, sisi ndio tulikuwa tumefungiwa kila mtu kwa chumba chake kama wale wasafiri. Tofauti ni kwamba wale hawataonana tena. Sisi tunaonana kila wiki.

Na si eti imeshika vizuri. Juzi mmoja wetu alishuka kimya kimya, akachukua kazi kwa 7,000 na tulikuwa tumekubaliana 12,000. Alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba, namwelewa, nimekuwa hapo. Hatukumtukana. Lakini kazi mbili zilizofuata hakuna aliyempigia simu.

Wiki jana amepiga yeye mwenyewe, anauliza tunaandika ngapi. Nikamwambia 12.