Treni ya Umeme na Ibebe Mtoto

Katika maonyesho ya zana za kufundishia tumepata kuona, zaidi ya mara moja, kichwa kidogo cha treni kilichoundwa kwa mbao na mabati, kimepakwa rangi, kina taa mbele na betri ndani. Wageni hukipiga picha na aliyekiunda husifiwa, kisha chombo hurudishwa kabatini na kufuli hutiwa. Sisi twasema kwamba zana ya namna hiyo, hata ikiwa imeundwa kwa ustadi mkubwa, haijafundisha kitu bado. Mwanachuo anayekusudia kujenga kichwa cha treni ya umeme kwa ajili ya darasa lake, basi na akijenge kiwe cha kukaliwa, kibebe mtoto wa kilo 25, na kitumike hadi kichakae.

Chombo cha mezani hakina mzigo, na kisicho na mzigo huficha makosa yake. Mota ndogo yaweza kuyazungusha magurudumu hata kama ekseli zimepinda na waya ni mwembamba kama uzi. Mtoto akikalia, mambo hubadilika: gurudumu hugoma, waya hupata moto, betri hulegea. Hapo maneno kama mkondo, msuguano na nguvu, ambayo mwanafunzi aliyanakili ubaoni bila kuyajali, huwa majina ya vitu anavyovihitaji ili safari yake iendelee. Mwalimu hahitaji tena kuuliza nani ana swali.

Historia yatuunga mkono katika jambo hili. Mwaka 1879, katika maonyesho ya viwanda mjini Berlin, Werner von Siemens alionyesha treni ya umeme ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza kubeba abiria. Kichwa chake kilikuwa kidogo hata dereva alikikalia kwa juu, kama mtu aliyekaa juu ya sanduku; nyuma yake vilifuata vibehewa vitatu vyenye mabenchi, na njia yake ilikuwa mzunguko wa mita 300 tu. Katika muda wa miezi michache watu zaidi ya 80,000 waliipanda. Laiti angeiweka juu ya meza, wangeitazama na kwenda zao.

Hapa kwetu jambo hili si geni tena. Tarehe 14 Juni 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Julai mwaka huo zikafika Dodoma. Mtoto wa Pugu huiona ikipita. Mtoto wa Temeke huifahamu zaidi TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ambayo vichwa vyake hutumia dizeli. Mtoto wa Tandale au Bunju, huko Kinondoni, huenda hajapata kupanda treni yoyote. Lakini wote watatu huiita treni hii mpya ya umeme, na ukiwauliza umeme huo huingiaje na hufanya kazi gani, wengi hunyamaza. (Wazee wengine bado huiita garimoshi, ingawa moshi haumo, nalo ni somo zuri la Kiswahili kwa siku nyingine.)

Wala tusidhani kwamba watoto hawa hawana mikono. Katika vichochoro vya Tandika na Mwananyamala watoto wamekuwa wakiunda magari ya waya na makopo yenye magurudumu ya kandambili, na usukani mrefu unaofika kifuani. Wao huelewa, bila kufundishwa, kwamba gurudumu lililokaa upande huvuta gari upande. Shule huwakuta na elimu hiyo, kisha huwaambia wafunge mikono mezani. Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967; shuleni kwingi waraka ule ulisomwa kana kwamba ulizungumzia jembe na ufagio peke yake.

Sasa tuje kwenye ujenzi. Fremu iwe ya mbao; mabaki ya maseremala wa Keko yatosha. Gurudumu lifanywe kwa duara mbili za plaiwudi zilizogundishwa na kupigwa skrubu, moja ya kipenyo cha sentimita 20 na nyingine ya sentimita 22. Ile kubwa hukaa upande wa ndani, na sentimita moja inayozidi ndiyo ukingo unaozuia gurudumu lisitoke relini. Ekseli zizunguke ndani ya beringi. Reli ziwe fito za mbao ngumu juu ya mataruma, mita 10 zilizonyooka, nafasi kati ya reli milimita 300. Hapa mwalimu asimame kidogo awaambie watoto kwamba reli ya zamani ya kati ina nafasi ya milimita 1,000, TAZARA 1,067, na reli mpya 1,435. Tofauti ya zile mbili za kwanza ni milimita 67, karibu upana wa kiganja cha mtoto, nayo yatosha kuzuia behewa la reli moja lisipite juu ya nyingine.

Mota iliyo bora ni ya waipa ya gari, ya volti 12, ipatikanayo kwa wauza vipuri chakavu. Ina gia ndani yake, hivyo huzunguka polepole na kwa nguvu. Nayo iunganishwe na ekseli kwa mnyororo wa baiskeli. Ikizunguka mara 45 kwa dakika, nalo gurudumu lina mzingo wa karibu sentimita 63, kichwa kitakwenda mita 28 kwa dakika, yaani kilomita 1.7 kwa saa. Mtu atembeaye hukipita. Watoto watalalamika, na malalamiko hayo ni mema: waulizwe ni meno mangapi yaongezwe upande wa mota ili mwendo uzidi, kisha wapime mkondo uone umepanda kiasi gani. Mota nyingi za aina hii zina sumaku ya kudumu. Ukibadilishana nyaya zake mbili, hurudi nyuma. Basi mtoto mmoja huenda, mwingine hurudi, na hakuna safari tupu.

Tunajua jibu la wengi: darasa lina watoto 80. Na tuhesabu. Safari ya mita 10 ni sekunde 21 au 22. Kupanda na kushuka tukadirie sekunde 20. Watoto wote 80 watamaliza kabla ya saa moja kwisha, na vipindi viwili vya dakika 40 vyatosha kwa raha. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7, mota ikila ampea 4, kwa hesabu yaweza saa moja na dakika 45. Kwa kweli itachoka mapema zaidi, na sababu yake iulizwe. Zamu zifuate orodha ya mahudhurio, wasichana na wavulana pamoja, wala asipewe usukani yule tu ambaye baba yake alitoa mbao.

Juu ya hatari hatuna mzaha. Volti 12 hazimrushi mtu, lakini nyaya zikigusana huunguza. Kwa hiyo fyuzi ya ampea 10 ikae karibu na betri, betri iwe ya kufungwa isiyomwaga tindikali, na mnyororo ufunikwe kwa bati vidole visiingie. Swichi iwe ya kubonyeza, iwezayo kuhimili mkondo huo, ili kidole kikiachia umeme ukatike. Gia ya waipa hujifunga, na kichwa husimama karibu papo hapo. Kuchaji ni kazi ya mwalimu peke yake. Na siku hiyohiyo watoto waambiwe kwamba waya ulio juu ya reli mpya una volti 25,000, na kwamba waya huo hudhuru hata kabla ya kuguswa.

Linabaki lile la kwamba kitavunjika. Naam, kitavunjika. Ukingo wa gurudumu utalika kwanza, kisha beringi zitaingia mchanga, kwa kuwa mchanga wa Dar es Salaam hauna simile. Hakuna kati ya hayo lipitalo uwezo wa Darasa la Sita wenye msumeno, gundi na kopo la grisi, na gurudumu jipya hukatwa kwa mchana mmoja.